Vyura wa Unguja Kati ya Masika na Vuli

Chura anayeishi Unguja hupita katika vipindi viwili vya ukame kila mwaka, na vyote viwili humdai jambo moja: asikauke mpaka maji yarudi. Masika huanza Machi na kwisha Mei. Baada yake huvuma kusi, na pamoja nalo huja kipupwe, miezi ya baridi kiasi na mvua haba, hadi Septemba. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Disemba, kisha kaskazi huingia na jua kali la Januari na Februari. Kwa wastani kisiwa hupata karibu milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho hakuna jangwa linalokikaribia. Hata hivyo Unguja ina sehemu ambazo, kwa kiumbe mwenye ngozi ya chura, zina tabia nyingi za jangwa.

Sababu iko ardhini. Upande wa magharibi wa kisiwa una udongo wa kina: kichanga, kinongo chekundu, na mabondeni kinamo kizito kinachoshika maji. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia Kiwengwa kushuka hadi Makunduchi, ni uwanda: mwamba wa matumbawe ya kale uliofunikwa na udongo mwembamba, wenye nyufa, mashimo na mapango kila mahali. Mvua ikinyesha hapo haitiririki. Inazama. Masika ya usiku kucha huko Jambiani au Paje yanaweza yasiache dimbwi la maana ifikapo adhuhuri. Maji yenyewe hayapotei. Hushuka hadi kwenye tabaka la maji matamu lililo juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba, na ndiyo ambayo watu wa vijiji vya kusini wameyachota visimani na mapangoni kwa karne nyingi. Lakini kiluwiluwi hawezi kuogelea ndani ya jiwe.

Kwa hiyo chura wa Unguja hakosi mvua. Kinachomtatiza ni muda: maji yatakaa juu ya ardhi siku ngapi kabla hayajazama au kukauka. Karibu kila tabia yake, kuanzia anapojificha hadi anapotaga, inaeleweka vizuri zaidi ikipimwa kwa kipimo hicho, na ni kipimo kilekile kinachowapima vyura wa majangwa ya kweli.

Mwili wake ndio unaoanzisha tatizo. Ngozi ya chura ni mlango usio na komeo: maji huingia na kutoka bila kusubiri ruhusa. Chura aliyewekwa penye upepo mkavu hupoteza maji kwa kasi inayokaribia ile ya kitambaa kilichorowa. Vyura wenye ngozi nene ya chunuchunu, wanaokaa nchi kavu muda mwingi, wana nafuu kidogo tu kuliko wale laini wa mabwawani. Nafuu yao kubwa iko kwingine. Iko katika namna wanavyokunywa, wanavyoweka akiba, na wanavyochagua pa kukaa.

Chura hanywi kwa mdomo. Mtu akitulia saa mbili za usiku katika ua wa nyumba ya Mji Mkongwe, karibu na pipa la maji au mahali panapooshewa vyombo, anaweza kumwona chura wa kawaida wa mjini, Sclerophrys gutturalis, akinywa kwa njia yake. Anajisogeza hadi kwenye saruji iliyorowa, anatanua mapaja, anashusha tumbo mpaka ligusane na sakafu, halafu anaganda. Koo linapwita, macho yako nusu wazi, na hakuna zaidi cha kuona. Chini yake, kwenye sehemu ya ngozi nyembamba kati ya tumbo na mapaja yenye mishipa mingi ya damu, maji yanapanda kuingia mwilini. Baada ya dakika kadhaa anainuka, anahama kidogo kufuata pale ambapo sakafu bado inang'aa, analala tena. Umande, jasho la ukuta wa mawe, udongo wenye unyevu usioweza hata kukamuliwa: vyote hivyo kwake ni maji ya kunywa.

Akiba huwekwa kibofuni. Mkojo wa chura wa nchi kavu ni mwepesi sana, karibu maji matupu, na kwa aina nyingi kibofu kilichojaa kinaweza kubeba maji yanayofikia theluthi ya uzito wa mwili. Ukame unapozidi, homoni huamuru maji hayo yarudi kwenye damu kidogo kidogo. Watoto wanaomshika chura wakakojolewa huona wao ndio waliodhuriwa, na wapo wakubwa wanaoamini hivyohivyo. Mwezi wa Februari mwenye hasara ni chura: amemwaga akiba ambayo pengine ingemfikisha Machi.

Akiba ikikaribia kwisha kuna hatua nyingine, nayo imechunguzwa zaidi kwa chura mchimbaji wa jangwa la Sonora huko Marekani na Meksiko, Scaphiopus couchii. Yeye huacha yurea, taka ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo, ijikusanye mwilini. Damu inakuwa nzito kuliko maji yaliyomo udongoni, na hivyo maji huendelea kuvutwa kutoka udongo kuingia mwilini hata pale udongo unapoonekana mkavu. Kiwango cha yurea ambacho kingemuua mnyama mwingine, yeye hukaa nacho kwa miezi. Chura huyo huweza kukaa ardhini miezi minane, tisa, hata zaidi, akila mafuta aliyoyahifadhi kutokana na milo michache. Usiku mmoja wa kumbikumbi humtosha kula zaidi ya nusu ya uzito wake, na mlo wa namna hiyo huweza kumlisha mwaka mzima.

Wengine huenda mbali zaidi. Chura mkubwa wa kusini mwa Afrika, Pyxicephalus adspersus, na chura wa Australia anayejulikana kwa kuhifadhi maji, Cyclorana platycephala, hujichimbia kisha huacha tabaka la juu la ngozi libambuke bila kulivua. Matabaka huongezeka moja juu ya jingine mpaka chura anafungwa ndani ya ganda linalofanana na karatasi ya nailoni, puani tu pakiachwa wazi. Ganda hilo hupunguza sana upotevu wa maji. Barani Afrika hata aina moja ya vyura wa miti, Leptopelis bocagii, hujichimbia na kujivika ganda la namna hiyo. Ndani ya maficho hayo matumizi ya nguvu ya mwili hushuka. Kwa vyura wa Australia waliopimwa, hushuka kwa theluthi mbili hadi robo tatu na zaidi. Ajabu ya kitabibu ni kwamba misuli yao hainyauki sana, ingawa mgonjwa wa binadamu akilazwa wiki chache tu miguu yake hukonda.

Unguja haihitaji ukali huo, na hapa ndipo kisiwa kinapojitenga na jangwa. Ukame wake ni wa miezi, si wa miaka, na hewa ya baharini haikauki kabisa. Vyura wake wengi hawajifungi, wanajibanza. Uwanda ambao huwanyima pa kuzalia huwapa mahali pazuri pa kungojea: nyufa za matumbawe huingia chini mita kadhaa, na ndani yake hewa ni tulivu, baridi na yenye unyevu hata Januari. Katika mashamba ya magharibi maficho ni mengine. Chini ya rundo la makumbi ya nazi, ndani ya gogo la mwembe lililooza, katika mashimo ya kaa na panya, chini ya vifuu na makuti yaliyolundikwa. Mabondeni, kinamo kikikauka hupasuka, na nyufa zake huwa vyumba vya kulala.

Mgomba una nafasi ya pekee. Pale jani linapotoka kwenye shina hubaki mfuko mdogo unaokusanya umande na maji ya mvua, na huko ndiko hupatikana wakati wa ukame aina kadhaa za vyura wadogo wa matete pamoja na Kassina maculata, chura wa kijivu mwenye madoa meusi ambaye akiruka huonyesha rangi nyekundu iliyofichwa mapajani. Chura huyu ana uhusiano rasmi na visiwa hivi: Mfaransa Auguste Duméril alipomwelezea kisayansi mwaka 1853, mahali kilipotoka kielelezo pakaandikwa Zanzibar. Miaka kumi na kadhaa baadaye Mmarekani Edward Drinker Cope alieleza chura mwingine mdogo wa madimbwi, ambaye leo huitwa Phrynobatrachus acridoides, naye pia kwa jina la Zanzibar. Maandishi hayo yanataka tahadhari kidogo. Katika karne ya 19 shehena zote za pwani zilipitia bandari ya Unguja, na vielelezo vingi vilivyoitwa vya Zanzibar vilitoka ng'ambo ya mlango wa bahari. Kwa aina hizi mbili jambo hilo halina uzito mkubwa, maana zimeenea pwani nzima.

Kuna pia mkakati wa kutojificha kabisa. Chura wa miti wa kijivu, Chiromantis xerampelina, anayepatikana kutoka pwani ya Kenya hadi Afrika Kusini, hukaa juu ya tawi mchana kweupe, miguu imekunjwa chini ya mwili, rangi ikigeuka kuwa karibu nyeupe ili irudishe mwanga wa jua. Mwaka 1970 J. P. Loveridge alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba chura huyu hupoteza maji kwa kiwango cha mjusi, na kwamba taka zake huzitoa kwa namna ya asidi ya uriki, kama ndege na mijusi wafanyavyo, bila kutumia maji mengi ya mkojo. Ni chura aliyeazima mwili wa mnyama wa jangwani na bado anahitaji dimbwi la kuzalia.

Vipindi viwili vya kungoja haviko sawa. Kipupwe ni kirefu lakini baridi. Kaskazi ni kifupi lakini cha moto. Tofauti ya wastani wa joto kati ya Februari na Julai hapa Unguja ni nyuzi nne hivi za sentigredi, na kwa mtu aliyezoea feni hiyo si kitu. Kwa chura, ambaye mwili wake hufuata joto la mahali alipo, ni kitu kikubwa: kila nyuzi kumi zikiongezeka, matumizi ya nguvu mwilini huongezeka mara mbili hadi tatu. Nyuzi nne zina maana ya mafuta kuungua kwa kasi zaidi kwa theluthi moja au karibu nusu, na uvukizi nao hupanda. Miezi miwili ya kaskazi kwa hiyo inaweza kumgharimu chura karibu sawa na miezi mitatu ya kipupwe. Chura mchanga aliyemaliza kuota miguu mwezi Disemba, asiye na mafuta ya kutosha wala kibofu kikubwa, ndiye anayekabiliwa na miezi hiyo ya moto akiwa dhaifu kuliko wote.

Halafu mvua inakuja, na hapo ndipo penye mtihani. Ipi ndiyo mvua yenyewe? Kati ya Julai na Septemba Unguja hupata mchoo, mvua ndogo za kusi zinazonyesha asubuhi na kukauka kabla ya alasiri. Februari nayo huwa na manyunyu ya kupita. Chura anayetoka na kutaga kwa manyunyu hayo amepoteza mayai yote, na nguvu zilizoyatengeneza. Anayesubiri mno hukuta madimbwi yamejaa viluwiluwi wa wenzake waliotangulia, walio wakubwa zaidi na wenye njaa.

Jinsi chura aliye chini ya ardhi anavyojua mvua imefika ni jambo lililojaribiwa. Mark Dimmitt na Rodolfo Ruibal, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, walionyesha kwamba vyura wachimbaji wa Sonora huamshwa na mtikisiko na mlio mzito wa chini unaofanana na wa mvua inayopiga ardhi. Mota ya umeme iliyotikisa udongo mkavu iliwatoa nje, ingawa hapakuwa na tone la maji. Unyevu hauna budi kupenya udongo, jambo linalochukua saa nyingi. Mtikisiko hufika mara moja, na katika jangwa saa chache zinaweza kuamua kama viluwiluwi watawahi kuota miguu. Hatari yake ni wazi: masikio yakidanganywa, chura hutoka kwenda kufa.

Vyura wa Unguja hawana haraka hiyo, na tabia yao inaonyesha hatua mbili. Mvua ya kwanza, hata iwe ya mchoo, huwatoa kula. Hujaza kibofu, huwinda, hurudi. Chini ya taa za barabarani za Darajani na Malindi, usiku ambao kumbikumbi wametoka, vyura hukusanyika kwenye duara la mwanga na kuokota mmoja baada ya mwingine mpaka matumbo yanaburuzika. Kuzaliana ni hatua ya pili na hungoja mvua mfululizo, pale maji yanapoanza kutuama. Dume huchagua ukingo wa maji na kuita. Methali inasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na ni kweli, lakini hazikukusudiwa ng'ombe: humwambia jike kwamba hapa pana maji yaliyokwisha kukaa siku kadhaa, na madume wengine wanakubaliana. Mkusanyiko wa sauti ni ushahidi ambao dume mmoja hawezi kuutoa. Vilevile huwaita nyoka wa usiku, na dume anayeita usiku kucha huunguza mafuta mengi kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka.

Mayai yenyewe hueleza kila aina imebashiri nini kuhusu maji. Sclerophrys gutturalis hubashiri wingi. Jike mkubwa hutaga mayai 15,000 hadi 25,000 katika nyuzi mbili ndefu za utelezi, akizizungusha kwenye majani ya dimbwi. Viluwiluwi huhitaji takribani wiki tano au sita. Dimbwi likidumu, maelfu ya vyura wadogo kama punje za kunde hutoka kwa siku chache. Likikauka wiki ya nne, hakuna anayebaki. Chura mchimbaji wa Sonora, akilinganishwa, huweza kumaliza kazi hiyo kwa siku nane au tisa, akitoka majini akiwa mdogo sana. Hiyo ndiyo tofauti halisi kati ya chura wa jangwani na chura wa kisiwani: kukaa chini miezi mingi wote wanaweza kwa kiasi fulani, ila kasi ya kukua huwa nayo yule tu ambaye dimbwi lake halina wiki mbili.

Kwa nini basi wasitumie maji ya kudumu? Kwa sababu maji ya kudumu yana samaki, na samaki hula mayai na viluwiluwi. Dimbwi linalokauka kila mwaka ni salama kwa kuwa linakauka.

Salama hiyo ina doa moja hapa Unguja, nalo ni zuri. Katika madimbwi ya msimu ya kisiwa hiki huishi samaki mdogo wa rangi nyingi asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1893. Kidimbwi kikikauka samaki wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya matope makavu, ukuaji wake ukiwa umesimama, mpaka mvua ifufue maji. Baadhi ya mayai huanguliwa kwa maji ya kwanza na mengine hubaki yakingoja, hivyo mvua ya uongo haiwezi kuwaua wote kwa mpigo. Chura na samaki huyu wamejibu swali lilelile kwa njia zinazopingana. Kwa chura anayengoja ni mzazi, na uamuzi wa lini atage humwangukia yeye; kwa samaki yanayongoja ni mayai, na uamuzi umegawanywa kati ya mamia ya mayai ambayo hayajui lolote.

Njia nyingine ya kukwepa madimbwi ni kutafuta maji madogo kuliko ambayo adui angeweza kuyatumia. Katika msitu wa Jozani na misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania bara huishi chura mdogo wa majani makavu, Mertensophryne micranotis, mwenye urefu usiozidi sentimita mbili na nusu hivi, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1925. Hutaga kwenye mashimo ya miti yenye maji, ndani ya kombe tupu la konokono mkubwa, ndani ya kifuu cha nazi. Kifuu kilichoangukia kivulini, kikajaa maji ya mvua na majani yaliyooza, kinaweza kubeba familia nzima. Viluwiluwi wake wana pete ya nyama kichwani inayozunguka macho na pua, kama taji, ambayo hugusa uso wa maji. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba huwasaidia kupumua katika maji machache yasiyo na hewa ya kutosha. Uwanda ambao hauna dimbwi una konokono na minazi, na hilo kwa chura huyu linatosha.

Chura wa miti wa kijivu aliyetajwa juu hutandaza kiota cha povu kwenye tawi lililoning'inia juu ya maji, na viluwiluwi hudondoka baada ya siku chache wakiwa wameshaanza kuogelea. Hemisus marmoratus, chura wa pua kali anayechimba kwa kichwa, hutangulia mvua kabisa: jike hutaga ndani ya chumba cha udongo kando ya mahali patakapokuwa dimbwi, hukaa na mayai, na maji yanapopanda huwafungulia viluwiluwi njia, au yeye huwachimbia njia ya kuyafikia. Ni kamari ya hali ya juu, kwa kuwa maji yasipofika chumbani, wote wamekwisha.

Ukubwa wa tofauti hizi huonekana vizuri zaidi kwa kulinganisha na Omani, nchi ambayo nyumba nyingi za Mji Mkongwe bado zina jamaa zao. Maskati hupata karibu milimita 100 tu za mvua kwa mwaka. Chura wa Uarabuni, Sclerophrys arabica, huishi huko kwa kung'ang'ania maji ya mabonde na mifereji ya falaji, na kwa kuwa maji hayo hutiririka mwaka mzima, hana sababu ya kungoja sana. Mwenzake wa Dhofar, aliyeelezwa na H. W. Parker mwaka 1931, huenda mbali na maji, hujificha ardhini na hujitokeza mvua inaponyesha. Jambo la kuvutia ni upepo. Kusi lilelile ambalo huku Unguja huleta miezi mikavu, likivuka ikweta hupinda na kufika Salala kama kharifu, likijaza milima ya Dhofar ukungu na manyunyu kuanzia Juni hadi Septemba. Upepo mmoja, na kati ya vyura wa ncha zake mbili, mmoja hujificha huku mwenzake akitoka.

Mfano wa kinyume kabisa uko Tanzania bara. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Udzungwa ambako maporomoko yalirusha manyunyu saa zote. Alikuwa chura ambaye hakuwahi kuhitaji kungoja, na hata viluwiluwi hana: huzaa watoto kamili. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ya maporomoko ilielekezwa kwenye mitambo. Vinyunyizio viliwekwa, kisha ugonjwa wa kuvu ukaingia, idadi ikaporomoka mwaka 2003, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliozalishwa katika bustani za wanyama za Marekani walianza kurudishwa mwaka 2012. Sclerophrys gutturalis angeyapita mabadiliko hayo bila kuyasikia sana.

Ustahimilivu huo ndio uliomfanya msafiri. Mwaka 1922 alipelekwa Morisi kutoka Durban ili ale wadudu wa miwa, na mwaka 1927 Reunion. Visiwani huko ameenea kila mahali, na katika muda usiofika karne moja miili ya vyura hao imepungua ukubwa kuliko ya asili yao. Tangu mwaka 2000 ameonekana pia Constantia, kitongoji cha Cape Town, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi huwa kikavu, kinyume cha alikotoka. Bustani zenye vidimbwi vya urembo zilimwokoa. Miaka kama ishirini baadaye vyura wa Constantia walipimwa na kuonekana wanastahimili ukavu na baridi vizuri kuliko wenzao wa Durban.

Mji Mkongwe wenyewe umekuwa kwake aina nyingine ya bustani. Umezungukwa na bahari pande nyingi, na mkono wa maji ya chumvi wa Darajani ulikuwa ukiutenga na Ng'ambo kabla ya kufukiwa. Mahali pa namna hiyo pasingefaa chura, maana chumvi huua mayai na viluwiluwi. Kilichompa makazi ni maji ya watu: visima vya ndani ya nyua, mabirika ya misikiti, na baadaye maji matamu ambayo Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa mfereji kutoka chemchemi za kaskazini mwa mji. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyaachia polepole, na sehemu ya chini ya ukuta wa uchochoro usiopigwa na jua hubaki na unyevu hata katika kaskazi. Chura wa mjini kwa hiyo hangoji kama chura wa uwanda. Ana maji ya kunywa mwaka mzima na taa za kumletea wadudu. Anachokosa ni pa kutagia.

Pa kutagia pamekuwa nje ya mji, katika mabonde ya chini ambayo masika huyageuza maziwa: Mwanakwerekwe, Kibonde Mzungu, na viwanja vilivyo wazi vya mitaa ya Ng'ambo. Kwa wakaazi maji hayo ni balaa, yanaingia nyumbani na kukata barabara, na hakuna mtu wa haki atakayetaka yaachwe kwa ajili ya chura. Mitaro mikubwa iliyojengwa katika muongo wa 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilikusudiwa kuyapeleka baharini haraka. Kwa hesabu ya chura, mtaro wa saruji hufanya kazi ileile ya mwamba wa matumbawe: mvua inabaki nyingi kama zamani na muda wa maji juu ya ardhi unafupika. Nyuzi za mayai zilizotagwa ndani ya mtaro wakati maji yametulia huzolewa na mvua inayofuata hadi kwenye chumvi.

Mabonde ya mpunga yanaelekea upande mwingine. Cheju na Bumbwisudi, ambako umwagiliaji unarefusha msimu, majaruba hushika maji wiki nyingi baada ya masika kwisha, muda unaotosha kizazi kizima cha Sclerophrys gutturalis na cha vyura wa madimbwi. Lakini maji yanayoungana na mifereji ya kudumu huleta samaki, dawa za magugu na wadudu hupuliziwa ndani ya maji hayohayo, na jaruba hukaushwa kwa ratiba ya mkulima. Chura anayetaga wiki ya kwanza ya maji ana nafasi. Anayetaga mpunga unapochanua hukuta maji yameshafunguliwa kabla ya miguu kuota.